Kizuia joto cha darini: unachonunua ni hewa

Mara ya kwanza nilinunua foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa. Muuzaji aliikunjua, ikamng'aria usoni, akaniapia kwamba inarudisha joto lote lilikotoka. Fundi akaitandaza juu ya kenchi, upande unaong'aa ukitazama juu, kisha akapigilia mabati juu yake. Foili na bati vikashikana. Chumba kikabaki tanuri vilevile, na pesa imekwenda.

Hilo ndilo watu hawaliulizi: hewa itakaa wapi? Uso wa foili unaong'aa hufanya kazi pale tu unapotazamana na mwanya wa hewa, angalau milimita 20 hadi 25. Ukigusa bati, joto linapenya moja kwa moja. Sufu ya kuzuia joto, ile ya nyuzi za mawe au kioo, nayo ni hivyohivyo. Nyuzi zake kazi yao ni kuishika hewa isitembee. Ukinunua sufu ya milimita 150 halafu fundi akaishindilia kwenye nafasi ya milimita 100, umetupa sehemu ya ulicholipia. Ikilowa, maji yanachukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo ziba paa linalovuja kabla hujanunua chochote.

Namba moja kwangu ni sufu ya mawe ya kampuni ya Rockwool, na upendeleo wangu siufichi. Ni ngumu kiasi, hukaa kati ya mbao bila kunyong'onyea, maji hayaingii kirahisi ndani yake, na nyuzi zake huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 1000 za Selsiasi. Ni nzito, basi hakikisha dari inaibeba.

Ya pili ni sufu ya kioo. Vaa barakoa na glovu, na usiikandamize. Ya tatu ni foili, ukiwa na fundi anayekubali kuacha mwanya.

Polistirini, lile povu jepesi la plastiki, ni ya bei rahisi, lakini hushika moto. Mimi siweki juu ya vichwa vya watoto.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji wanaotaja unene tu. Dai thamani ya R, ile namba ya uwezo wa kuzuia joto. Ikiwa kubwa ndiyo bora. Na kwa foili, uliza kama namba hiyo imehesabu mwanya wa hewa. Mara nyingi imehesabu, na mwanya huo haumo kwenye roli unayobebeshwa.