Vitonge vya protini vyenye ladha ya tunda: kopo la sitroberi limebaki kabatini, ubuyu umechukua nafasi

Wenzangu wa wodini wamekuwa wakiniuliza kuhusu vitonge ninavyokuja navyo zamu ya usiku, na wengine wananipigia hadi nyumbani. Nimeona niandike mara moja, asome kila mmoja. Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Wanaokesha kazini wanaijua njaa ya saa tisa usiku. Ukiituliza kwa maandazi na chai yenye sukari nyingi, unachangamka kidogo, halafu saa kumi na moja, muda wa kupima presha na kuandika ripoti ya makabidhiano, macho yanafumba yenyewe. Ndipo nilipoanza kutengeneza vitonge vya karanga na tende. Havihitaji oveni, vinashika tumbo, na ladha ya tunda inavifanya visikinaishe.

Ninachokipima hapa ni vitu viwili nilivyovinunua kwa ajili ya ladha hiyo: unga wa protini wa kopo, wenye ladha ya sitroberi, na unga wa ubuyu wa sokoni. Nimevitumia vyote viwili kwenye mchanganyiko uleule, kwa hiyo nasema nilichokionja.

Nianze na kopo. Ni la gramu 908, yale makubwa yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mazoezi, na lilinitoa zaidi ya laki moja. Jina la kampuni nitaliacha, kwa sababu shida niliyoiona naamini ni ya aina nzima ya unga huu. Picha ya nje inaonyesha sitroberi zilizoiva, nyekundu, zina umande. Ukigeuza kopo ukasoma viungo, sitroberi hamna. Kuna protini ya wei, ile inayotoka kwenye maji ya maziwa yanapotengenezwa jibini, kuna ladha, kuna rangi, na kuna sukralosi ya kuleta utamu. Ukikoroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi unaweza kunywa bila neno. Lakini kwenye kitonge hakuna maji ya kuupoza ule utamu. Unatafuna karanga, unatafuna tende ambayo tayari ni tamu, kisha juu yake inakuja harufu ya bazoka na utamu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi hata baada ya kunywa maji. Mwanangu wa kidato cha pili, ambaye hachagui chakula, alikula kimoja akaniambia, "Mama, hivi vinanuka kama dawa ya watoto." Ni kweli kabisa, ile sirapu ya pinki tunayowapa wodini ina harufu hiyohiyo.

Jambo lingine ni namna unga huo unavyofanya kazi mkononi. Wei ikikutana na maji kidogo inakuwa gundi. Kitonge kinang'ang'ania kiganjani, na usiku mmoja tu kwenye friji kinakuwa kigumu cha kutafunwa kwa nguvu. Ukiongeza maji kinalegea na kutanda kwenye sahani. Dawa yake ni kupunguza unga, na ukishapunguza unga, ile protini uliyoilipia nayo imepungua.

Sasa ubuyu. Nazungumzia unga mkavu uliotolewa kwenye mbegu za mbuyu na kuchungwa, si ule ubuyu mwekundu wa Zanzibar tunaoumung'unya. Ule ni mtamu na naupenda, ila umeshapikwa na sukari, rangi na iliki, hivyo ukiutia humu unakuwa umerudi kwenye matatizo ya kopo. Unga ninaoutaka ni wa rangi ya maziwa yaliyokolea kidogo, mwepesi, ukiusugua kati ya vidole hauna mchanga. Ukiwa wa kahawia na una madonge, umeshika unyevu au umekaa mno. Mzuri, ukiuweka kwenye ncha ya ulimi, mate yanajaa papo hapo. Kwa mama ninayenunua kwake pale sokoni Ngamiani, hapa mjini Tanga, unaletwa kutoka Dodoma, na yeye hakatai kuonjwa: "Lamba kwanza, sista, usije ukanilaumu." Muuzaji wa namna hiyo usimwache.

Nimeukuta unga huu pia kwenye pakiti za kumetameta, zenye bei ya juu kabisa na maelezo ya Kiingereza. Tangu Umoja wa Ulaya uliporuhusu ubuyu uuzwe kule kama kiungo cha chakula mwaka 2008, umekuwa bidhaa ya watu wa nje wanaojali afya, na bei imeufuata huko. Nilipouonja wa pakiti na wa Ngamiani pamoja, sikupata sababu ya kulipia pakiti. Mnunue wa soko, muupitishe kwenye chungio laini nyumbani.

Kinachoufanya ubuyu uwe mzuri kwenye vitonge ni uchachu wake. Tende na karanga peke yake ni tamu na mafuta, zinalemea. Ukila kitonge cha pili umeshachoka. Ubuyu unakata ule uzito, na ghafla unaisikia karanga kama karanga. Pia una nyuzinyuzi nyingi, na zile za aina ya pektini zinanyonya unyevu wa tende na kushika mchanganyiko, kwa hiyo kitonge kinasimama chenyewe bila kuwa jiwe. Protini hauna ya kutajwa, tusidanganyane. Kazi yake humu ni ladha na kushikisha.

Naongeza na kitu kimoja ambacho sisi watu wa Tanga tunakidharau kwa sababu kimejaa: ganda la chungwa la Muheza. Machungwa yetu yanaiva ganda likiwa bado la kijani, na mtu anadhani halina harufu. Osha vizuri, likwangue kwa upande mdogo wa greta, ile ngozi ya juu tu, usifike kwenye weupe maana pale pana uchungu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha sinia zima. Embe kavu nayo inafaa, ikatwe kwa mkasi vipande vidogo kama punje za mahindi, lakini angalia isiwe ile iliyopakwa sukari. Pesheni na ndizi mbivu sizitaki humu. Zina maji, na kwa joto letu vitonge vinachacha haraka.

Vipimo vyangu ni hivi: karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 150, tende zilizotolewa kokwa gramu 200, oti za uji gramu 100, maziwa ya unga gramu 60, unga wa ubuyu gramu 40, embe kavu gramu 50, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na lile ganda la chungwa. Vinatoka vitonge 24, kila kimoja gramu 25 hivi.

Oti nazipitisha kwenye kikaango kikavu mpaka zinukie, zikipoa nazisaga nusunusu. Karanga na tende nazitwanga kwenye kinu. Najua wengi wana blenda, lakini tende inang'ang'ania kwenye visu vya blenda ndogo, mota inaunguruma na kutoa harufu ya kuungua. Kwenye kinu unaona kazi inavyokwenda. Mwanzo karanga zinarukaruka, kisha zinakuwa chembechembe, halafu mafuta yanaanza kutoka na mchi unang'aa. Hapo ndipo unaweka tende, chache chache, unatwanga na kugeuza kwa mwiko. Ikifika mahali ukinyanyua mchi donge zima linanyanyuka nalo na kuacha kinu kikiwa safi, acha. Hamishia kwenye bakuli, tia vikavu vyote na ganda la chungwa, kanda kwa mkono. Maji unaongeza kijiko cha chai kimoja kimoja, tena mara nyingi mimi siongezi kabisa. Paka viganja mafuta kidogo ya nazi, viringisha, panga kwenye sinia, weka kwenye friji nusu saa.

Maziwa ya unga yamechukua nafasi ya kopo, na hapa najua wale wa jimu watanibishia. Basi tupige hesabu. Karanga zina karibu gramu 25 za protini kwa kila gramu 100. Oti zina kama 13. Maziwa ya unga yenye mafuta yake yana kama 25, na yaliyotolewa mafuta kama 35. Ukijumlisha, kitonge changu kimoja kina kama gramu 3 za protini. Ukiondoa maziwa ukaweka gramu 60 za wei, kinapanda hadi gramu 4 na kidogo. Tofauti yenyewe ni gramu moja na ushei kwa kitonge. Vinne vya maziwa vinakupa kama gramu 12, sawa na mayai mawili. Vinne vya wei vinakupa kama 17. Kwa mtu anayenyanyua vyuma na anayehesabu kila gramu, tofauti hiyo ina maana, na ninamshauri atafute wei isiyo na ladha yoyote, aache tunda lifanye kazi ya tunda. Kwa mtu kama mimi anayetaka kufika asubuhi akiwa macho, sioni sababu ya kutoa zaidi ya laki moja ilhali kilo ya karanga haifiki elfu kumi.

Ila kuna kitu kimoja kinachoniudhi kwenye mapishi mengi ya vitonge hivi: vinaitwa "visivyo na sukari" kwa kuwa tu hakuna aliyemimina sukari ya mezani. Tende zaidi ya nusu yake ni sukari. Kwa vipimo vyangu kitonge kimoja kina kama gramu 7 hadi 8 za sukari. Inakuja na nyuzinyuzi na protini, kwa hiyo haipandi kwa kasi ya soda, lakini ni sukari. Mwenye kisukari asile vinne kwa kuambiwa ni chakula cha afya. Kwa mama yangu mzazi, ambaye anatumia dawa za kisukari, napunguza tende hadi gramu 100, naacha embe, naongeza karanga na ufuta uliokaangwa, na hata hivyo anakula kimoja na chai isiyo na sukari. Vyake vinakuwa vya kumeguka zaidi, kwa hiyo navibana kwa nguvu.

Kuhusu karanga, tafadhali msichukue za kusagwa msizozijua zilikotoka. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na ukungu huohuo unapenda karanga. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo. Nunua nzima, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, chambua moja moja: iliyosinyaa, yenye doa jeusi, yenye ukungu, iliyobadilika rangi ndani, yote itupwe. Hata kuku msiwape. Kazi hii inachosha mgongo kuliko kutwanga, na ndiyo nisiyoiruka hata nikiwa nimechoka. Ukionja karanga ikawa chungu, tema. Na kabla hujampa kitonge mtoto wa mwenzako, uliza kwanza kama karanga zinamdhuru. Mtoto mdogo ambaye bado hatafuni vizuri asipewe kabisa, kitonge kinaweza kumkaba.

Kwenye friji vyangu vinakaa wiki nzima bila kubadilika, kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Hiyo ni kwa sababu karibu kila kitu humu ni kikavu. Nje ya friji, kwa joto la Tanga la Januari, nahesabu usiku mmoja wa zamu na asubuhi yake; baada ya hapo mafuta ya karanga yanaanza kutoka na harufu inabadilika. Anayesafiri na basi la Dar anaweza kuvibeba bila wasiwasi, ila ganda la chungwa aliache, kwa sababu ndilo linalotangulia kubadilika ladha. Wanaotaka ubuyu wa kwa yule mama, wafike Ngamiani asubuhi; ikifika mchana, ule mzuri unakuwa umekwisha.