Central Island, Ziwa Turkana: kisiwa sina neno nacho, boti ndiyo mushkili

Nimekuwa muuguzi hapa Lodwar miaka miwili na nusu, na kila mgeni akija swali lake la kwanza ni kama nimefika Central Island. Nilichoka kujibu "bado". Juni mwaka jana mtoto wa dada yangu alipokuja likizo kutoka Nakuru, tukajikusanya watu watano, tukachanga 3,000 kila mmoja, tukakodi boti ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Kalokol, kando ya ziwa. Kisiwa ni mbuga ya taifa, na ada yake tulilipa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jioni iliyotangulia, tukiwa bado mjini penye mtandao. Nanyi fanyeni hivyo.

Malalamiko yangu yote yanaishia majini, kwa hiyo niyatoe kwanza. Mwenye boti alituambia saa kumi na mbili asubuhi tuwe tumeondoka. Tulifika, tukakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, tukala mandazi yote tuliyobeba ya mchana. Mafuta hayajaja. Mafuta yamekuja, nahodha hayupo. Mbele yetu mikoma imesimama ndani ya maji hadi kiunoni, maana ziwa limepanda sana miaka hii. Tuliondoka saa mbili na nusu, na upepo ulikuwa umeshachachamaa. Anayedhani ziwa halina mawimbi ya maana hajavuka Turkana. Tulikuwa watano, maboya ya kuvaa manne. Nilimvalisha mtoto wa dada, nikashika ubao kwa mikono miwili.

"Daktari, usiangalie maji, angalia kisiwa," nahodha akaniambia. Ni kijana mdogo, lakini mawimbi anayajua: kila kubwa likija anapunguza injini, analikata kwa pembe, kisha anaongeza. Saa moja na zaidi hivyo. Huyo simlaumu kwa lolote. Mwajiri wake ndiye aliyeniudhi, na tuliporudi akawa na ujasiri wa kutudai 2,000 nyingine za mafuta. Hatukutoa.

Sasa kisiwa. Unashuka kwenye mchanga mweusi kama masizi ya sufuria, na joto linakupanda kupitia soli za viatu. Kisiwa chote ni kama kilomita 5 za mraba tu, lakini ni volkano tupu, kreta juu ya kreta, na hakuna mti wa kukupa kivuli. Mwelekezi wetu, mzee wa Kiturkana aliyevua maji hayo tangu ujana, alitangulia akigonga mawe kwa fimbo. Nilifikiri ni mazoea ya uzee. Kumbe ni kwa ajili ya nyoka, na kuanzia hapo sikupita popote asipopita yeye.

Mlima si mrefu ila jivu linateleza: unapanda hatua mbili, unarudi moja. Goti langu la kulia lilinikumbusha umri. Halafu ukifika ukingoni unasahau goti, maana chini yako kuna ziwa ndani ya kisiwa kilicho ndani ya ziwa. Yako matatu kama hayo: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. La Mamba ni kijani kizito, na ukuta wa mawe tu ndio unaolitenga na ziwa kubwa. Nilihesabu magogo kumi na manne ufukweni. Gogo la tatu likaingia majini.

Tulishuka kiasi, si hadi chini. Kwenye mchanga mzee aliokota kipande cha ganda la yai akaniwekea kiganjani: cheupe, kigumu, na kwa ndani kumebaki utando mkavu kama karatasi ya kitunguu. Mamba wa hapa hutaga kisiwani na chakula chao kikubwa ni samaki. "Kwa hiyo sisi hawatuli?" mtoto akauliza. Mzee akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye raba zake. "Wewe si samaki, lakini usiwakaribie uwape nafasi ya kuhakikisha."

Ziwa la Flamingo lilinivunja moyo kidogo. Heroe walikuwa wachache, vidoa vya waridi kule ng'ambo, na bila darubini huoni kitu. Beba darubini. Lakini ndege aina ya mwari walipita chini yetu, ndiyo, chini, sisi tukiwa ukingoni tunaona migongo yao. Karibu na hapo mvuke unatoka kwenye nyufa za mwamba uliopakaa umanjano, na harufu ni ile ya yai viza. Niliweka kiganja: kama pumzi ya sufuria ya ugali ukifunua kifuniko.

Tukiwa tumekaa pale nilimuuliza mzee kuhusu bwawa la Gibe III kule Ethiopia kwenye mto Omo, ambao ndio unaoleta karibu maji yote ya ziwa hili. Hilo bwawa lilichangia UNESCO kuiweka mbuga hii kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018. Akacheka. "Walituambia ziwa litakauka. Sasa limeingia jikoni kwangu. Wakija tena nitawauliza wanataka tujiandae kwa lipi."

Kurudi mchana upepo ulikuwa umetulia, mtoto akalala kabisa kwenye mapaja yangu na boya lake.

Nitarudi, ila nitamtafuta yule nahodha mwenyewe, nihesabu maboya kabla ya kutoa hata shilingi. Vaeni viatu vya kufunika vidole. Maji ya kunywa kisiwani hakuna, bebeni lita tatu kila mtu. Mimi nilibeba moja na nusu, na nusu yake nikaimwaga kichwani.