Tathmini: Darasa la jioni la uchumi, Mji wa Kale, Mombasa

Darasa hili, linalofundishwa katika ukumbi mdogo wa Mji wa Kale, linastahili ada yake, hasa kwa somo la migogoro. Mwalimu alianza na ghasia za Likoni za Agosti 1997, zilizowafukuza watalii Pwani, kisha akaonyesha jinsi vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilivyokata njia ya mizigo kutoka bandarini, hata Uganda na Rwanda zikapungukiwa na mafuta, na ukuaji wa uchumi wa Kenya, uliokuwa umezidi asilimia 6 mwaka 2007, ukaporomoka hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Alisisitiza, na nakubaliana naye kabisa, kwamba hasara inayodumu zaidi ni ya wawekezaji wanaoahirisha miradi kila uchaguzi unapokaribia.

Somo la idadi ya watu nalo ni zuri: wastani wa watoto kwa kila mwanamke nchini ulishuka kutoka takriban 8 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022, hivyo watu wa umri wa kufanya kazi wanaongezeka kuliko wategemezi, faida ambayo hupotea vijana wakikosa ajira.

Demokrasia, kwa masikitiko yangu, ilipitiwa haraka mno. Kurejea kwa vyama vingi mwaka 1991 kulitajwa tu, na ugatuzi ulioletwa na Katiba ya 2010, jambo linalotugusa moja kwa moja hapa Mombasa, haukuchambuliwa. Naomba waandaaji wautengee kipindi chake.