Drush kwa anayetunza tovuti za rika tofauti

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza tovuti za Drupal, mfumo wa kujengea na kuendeshea tovuti, nikiwa hapa Mbeya, na karibu kazi yote naifanya kwa Drush, programu ya mstari wa amri ambayo husafisha kache (data iliyowekwa kwa muda), huchukua nakala ya hifadhidata na kukamilisha masasisho bila mtunzaji kufungua kivinjari. Tathmini hii nawaandikia wenzangu wenye mzigo kama wangu: tovuti ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Mbozi ingali kwenye Drupal 7, ya shule moja ya Tukuyu iko kwenye Drupal 10, na nyingine niliyoijenga karibuni ni ya Drupal 11.

Hakuna toleo moja la Drush linaloweza kuzihudumia zote tatu. Drush 8 ndiyo ya mwisho kuielewa Drupal 7, Drush 12 inataka Drupal 10 pamoja na PHP, lugha iliyoandikiwa Drupal, ya 8.1 au ya juu zaidi, na kwa Drupal 11 natumia Drush 13. Zamani tulizoea kuisakinisha mara moja kwa kompyuta nzima, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Jioni moja niliipandisha Drush ya kompyuta nzima hadi toleo la 9, na asubuhi yake, wakulima wakisubiri tangazo la bei, kila amri niliyoielekeza kwenye tovuti yao ilikataliwa. Sikujua kiini chake mpaka nilipoandika <code>drush --version</code> na kuiona namba ya toleo.

Kuanzia toleo hilo la 9, utaratibu unaoelekezwa ni kuisakinisha Drush ndani ya kila tovuti kwa kutumia Composer, programu inayoteremsha vifurushi vya PHP na kuvisimamia. Ukiwa kwenye folda ya mradi unaandika <code>composer require drush/drush</code>, na Composer hutafuta toleo linaloafikiana na Drupal iliyomo, kisha programu inakaa <code>vendor/bin/drush</code>. Nauunga mkono uamuzi huu kwa dhati, kwa sababu toleo lililochaguliwa huandikwa katika faili la <code>composer.lock</code>, na mwenzangu aliyeko Iringa akiuchukua mradi na kuusakinisha kwenye kompyuta yake, anapata Drush ileile niliyoitumia mimi.

Gharama yake ni bando. Drush huja na maktaba nyingi inazozitegemea, na usakinishaji wa kwanza huchukua muda mrefu pale intaneti inapokuwa ya kusuasua. Hata hivyo Composer huweka kwenye kache yake kila kifurushi ilichokiteremsha, kwa hiyo tovuti ya pili yenye toleo lilelile haikulazimu kuteremsha upya. Nawasihi wenzangu wasiifute kache hiyo kwa kutafuta nafasi kwenye diski.

Drush 8 niliitengea folda yake ya pekee nje ya tovuti zote, nikaisakinisha humo kwa <code>composer require drush/drush:^8</code>, kisha katika mipangilio ya terminali nikaipa jina la drush8. Jina hilo limenisaidia kuliko nilivyotarajia, kwani mkono hauwezi tena kuiita kwa bahati mbaya.

Ninalolilalamikia ni kukosa Drush Launcher, programu ndogo iliyotuwezesha kuandika <code>drush</code> tu ndani ya tovuti yoyote, nayo ikaitafuta Drush ya tovuti hiyo. Haifanyi kazi na Drush 12 wala zilizofuata, na sasa naandika njia nzima. Amri nazo zimebadilika: kwenye Drupal 7 kache husafishwa kwa <code>cc all</code>, lakini kwenye Drupal mpya ni <code>cr</code>, na amri ya <code>dl</code> tuliyoitumia kuteremsha moduli iliondolewa tangu Drush 9, kazi hiyo ikakabidhiwa Composer.

Usaidizi rasmi wa Drupal 7 ulikoma tarehe 5 Januari 2025, na viongozi wa ushirika wamekubali tuihamishe tovuti yao msimu wa mavuno ukiisha. Hadi hapo, kila Ijumaa nachukua nakala ya hifadhidata yao kwa <code>drush8 sql-dump</code>. Siku watakapohama nitaifuta folda ile, na tovuti za Tukuyu na ile mpya zitaendelea na kazi bila kuguswa.