Saizi ya nguo za matembezi na milima: njia nne za kuichagua, kuanzia iliyo bora

Herufi M kwenye lebo si kipimo. Kila kampuni hushona kwa umbo lake, na M mbili zinaweza kupishana kwa sentimita kadhaa kifuani.

1. Kuijaribu juu ya nguo utakazovaa ndani. Hakuna njia inayoizidi hii. Koti la mvua lijaribu juu ya fulana na sweta utakazopanda nazo, zipu ikiwa imefungwa hadi juu. Inua mikono: tumbo likionekana, koti ni fupi. Inyooshe mbele: mgongo usibane, na mikono ya koti isipande juu ya vifundo. Vaa kofia ya koti ugeuze kichwa. Isipogeuka nacho, itakuziba jicho njiani. Suruali ijaribu kwa kuchuchumaa, kisha kwa kuweka mguu mmoja juu ya kiti. Ikikaba goti au ikishuka kiunoni, iache.

2. Futi kamba na jedwali la kampuni husika. Ndiyo njia ya kutegemea unaponunua mtandaoni. Pima kifua palipojaa zaidi, futi kamba ikilala sawa mgongoni. Kisha kiuno bila kubana tumbo, nyonga palipo pana zaidi, na mguu kwa ndani, kutoka msambani hadi kifundoni. Halafu hakikisha jedwali linataja vipimo vya mwili, si vya nguo. Mwenye kifua cha sentimita 100 akinunua koti lenye mzunguko wa sentimita 100, halitafunga juu ya sweta.

Ukiangukia kati ya saizi mbili, kazi ya nguo ndiyo iamue. Fulana ya kugusa ngozi chukua ndogo, maana isipogusa mwili haifyonzi jasho vizuri. Koti la nje chukua kubwa. Koti la manyoya, yaani lililojazwa manyoya ya ndege ndani, ndilo linalotaka uangalifu zaidi: likibanwa na koti la juu, manyoya husinyaa na hewa inayotunza joto hupungua, likipwaya mno, joto hutorokea shingoni na kwenye pindo kila unapojongea.

3. Kupima nguo uliyonayo inayokukaa vizuri. Ilaze, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha kwa 2, ulinganishe na vipimo vya nguo unayoitaka. Ziwe za aina moja: fulana kwa fulana, koti kwa koti. Kitambaa kinachovutika usikitegemee hapa.

4. Herufi uliyozoea, au kuongeza saizi moja ili nafasi iwepo. Tunaiweka mwisho kwa sababu saizi ikiongezeka, kila kitu huongezeka: mabega huanguka, mikono hufunika vidole, na mkanda wa begi la mgongoni hukunja kitambaa kiunoni hadi kikuchubue. Tatizo likiwa urefu tu, tafuta kampuni inayoshona kiuno kilekile kwa urefu tofauti.