Kengele ya mama ilifungwa juu ukutani: uzoefu wangu na makao haya ya wazee

Naandika nikiwa bado na hasira, na sina nia ya kusubiri zipoe. Usafi wa korido, bustani na ukubwa wa vyumba sitavigusa; hayo utaonyeshwa siku ya kwanza ukitembezwa, na ni kweli yanapendeza. Mimi nataka kusema habari ya kengele.

Pale kila kitanda kina kengele ya kumwita mhudumu. Ni waya mrefu wenye kitufe mwishoni, na unatakiwa ulale juu ya shuka, karibu na mkono wa mgonjwa. Mama yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia wote haufanyi kazi, maneno yanamtoka kwa tabu, na hawezi kupaza sauti ikavuka mlango. Akili yake iko timamu kabisa. Akihitaji mtu, njia aliyo nayo ni kile kitufe na mkono wa kushoto, basi.

Siku hiyo nilifika alasiri bila kutoa taarifa. Nikaukuta waya umezungushwa kwenye kishikilio cha taa ukutani, tena upande wa kulia, na kitufe kinaning'inia juu hata mimi niliyesimama ilibidi ninyooshe mkono kukifikia. Waya ukidondoka huwa chini sakafuni. Huu ulikuwa umezungushwa na mtu, kwa makusudi, akahakikisha haufunguki. Mama alikuwa chali, ameserereka kitandani mpaka nyayo zimegota kwenye ubao wa miguuni, na nepi imejaa. Jagi la maji lilikuwa juu ya meza, nalo upande wa kulia. Aliponiona hakulia. Aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha ukutani, akasema, "Pale."

Nikamfuata msimamizi wa zamu. Nilimsalimu vizuri, nikamwomba aje aone. Hakuinuka. Akaniambia, "Dada, huyu bibi anasumbua. Anabonyeza kila wakati, wenzake hawalali." Nikamuuliza, kila anapobonyeza huwa anataka nini? Akasema wagonjwa ni wengi na wahudumu ni wachache. Nikarudia swali langu lile lile. Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumuuliza mama anataka nini. Walichofanya ni kuiondoa kengele.

Nakubali wahudumu ni wachache. Nimewaona wakikimbia, nimemwona binti mmoja akila amesimama. Uchache wa watu unaweza kumchelewesha mhudumu robo saa, nami ningevumilia. Lakini kufunga waya juu ukutani kunahitaji muda na kunahitaji mtu aamue. Huyo mtu alikuwa na nafasi ya kusimama pembeni ya kitanda cha mama, mama akiwa anamtazama, na badala ya kumgeuza akafunga waya.

Kisha nikaangalia karatasi ya kumgeuza mgonjwa, ile inayotundikwa miguuni. Saa ilikuwa haijafika kumi. Karatasi ilikuwa na saini ya saa kumi, na chini yake saini ya saa kumi na mbili jioni, na kando ya kila saini imeandikwa: "Amegeuzwa, ngozi iko sawa." Ngozi ya saa kumi na mbili imekaguliwa kabla ya saa kumi! Niliipiga picha palepale, na saa ya ukutani ikaonekana kwenye picha.

Nesi mmoja akaja, yeye alikuwa mtu wa heshima, tukamgeuza mama pamoja. Juu kidogo ya makalio, pale kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo, ngozi ilikuwa na joto kuliko ya pembeni, ngumu ukiibonyeza, na rangi imeiva zaidi. Hili kila mwenye mzazi kitandani alijue. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu ambao hauondoki ukiubonyeza kwa kidole, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unapapasa. Unatafuta joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, sehemu inayouma, rangi iliyobadilika ukilinganisha na ngozi ya jirani. Mfupa unapoikandamiza nyama juu ya godoro, damu haipiti, na nyama hufa kuanzia ndani, hivyo juu unaweza kuona doa dogo huku chini kumeshaharibika. Mkojo unailainisha ngozi, kuserereka kunaivuta, na mambo yanaharakishwa. Ndiyo maana mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara kwa mara, kwa kawaida kila saa mbili, na visigino vikainuliwa visiguse godoro. Kwa hiyo ile saini ya uongo siichukulii kama kosa la makaratasi. Inamwambia mhudumu wa zamu inayofuata kwamba mama ameshageuzwa, naye anapita.

Niliporudi kwa msimamizi, ndipo akasema neno ambalo mpaka leo linanichoma. Akasema kama mama ana wasiwasi sana, wanaweza kumwomba daktari amwandikie dawa ya kumtuliza ili alale. Yaani mtu anaita kwa sababu amelowa na mgongo unamuuma, tiba yake ni kunyamazishwa. Nilimjibu kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia. Dawa hizo zina mahali pake, sibishi, lakini kwa wazee zina hatari inayojulikana siku nyingi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu kundi jipya la dawa za magonjwa ya akili zinazotumika pia kuwatuliza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, baada ya kupitia majaribio 17: waliopewa dawa walikufa zaidi, takribani asilimia 4.5 kwa asilimia 2.6 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, wengi kwa moyo au maambukizi kama nimonia. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa kwa dawa za zamani za aina hiyo. Na mama hana hata huo ugonjwa wa kusahau. Ana mdomo mzito, wakaamua kwamba haelewi.

Sasa niseme na upande mwingine, maana sitaki kumdhulumu mtu. Kuna mhudumu wa zamu ya usiku ambaye, kama wote wangekuwa yeye, ningewapa alama zote. Anaingia kwa kubisha hodi. Anamwita "Mama" na anamweleza atakachofanya kabla hajamgusa. Akimpa maji humkalisha wima kwanza, humnywesha kidogo kidogo akiangalia kama amemeza, na halazi kitanda upesi, kwa sababu baada ya kiharusi koo huweza kupoteza mpangilio na maji yakaingia kwenye mapafu. Kabla hajatoka anaweka kitufe kwenye kiganja cha kushoto na kumwomba akibonyeze, wahakikishe wote wawili kwamba kinalia. Hayo yote hayachukui muda wa kutisha. Na lile doa halikufumuka likawa kidonda. Lilipona, na aliyelipapasa kila usiku na kumlaza ubavu kwa mito ni yeye.

Kwa ajili yake nilitaka kuandika kwamba mahali hapa ni pazuri ila wana msimamizi mmoja mbaya. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hivyo. Kisha ikaja barua yao ya kujibu malalamiko yangu. Inasema kulikuwa na "upungufu katika mawasiliano" na kwamba familia zinashauriwa kutoa taarifa kabla ya kutembelea ili ziandaliwe mazingira. Kengele haikutajwa hata mara moja, na saini pia hazikutajwa. Nimeisoma tena na tena nikitafuta jina la mama yangu, halimo.

Hapo ndipo nilipobadili mawazo. Msimamizi mkali unaweza kumvumilia ikiwa juu yake kuna mtu anayeuliza maswali. Hapa aliye juu anataka nipige simu kwanza ili nisikute waya ukutani. Kwa hiyo ukienda kuangalia makao yoyote, acha kutazama sakafu. Lala kidogo kwenye kitanda, nyosha mkono, uone kama kengele unaifikia. Ibonyeze, uhesabu dakika. Soma karatasi ya kugeuza na uilinganishe na saa yako. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wagonjwa wangapi, na rudi siku nyingine bila kuwaambia.

Nikiulizwa kama nawapendekeza: kwa mzee anayetembea na kusema mwenyewe, labda. Hapana, ngoja. Mzee huyo akianguka akavunjika nyonga, atalala kitanda kile kile chini ya msimamizi yule yule. Siwapendekezi.

Mama bado yuko pale wakati natafuta pengine, na naenda saa ninazotaka mimi. Nimewaandikia barua ya pili yenye maswali mawili tu: nani alifunga waya ule, na nani alitia saini ya saa kumi na mbili. Nakala nimeipeleka pamoja na picha kwa mamlaka inayowapa leseni.