Sufuria za alumini: wali sawa, ukwaju na magadi hapana

Nazungumzia zile sufuria za alumini zisizo na mpini, zinazouzwa seti nzima zikiwa zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Nazipikia kila siku na nazipa nyota nne kati ya tano. Zinashika moto upesi, moto unasambaa vizuri, na hata ile kubwa ya pilau unaiepua bila kuita msaidizi. Kwa wali, ugali, chai na maziwa sina neno.

Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya uchachu na magadi. Alumini inalindwa na utando mwembamba mno wa oksaidi, unaojitengeneza wenyewe hewa inapoigusa. Utando huo unatulia kwenye pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) ya takriban 4 hadi 8.5, nje ya hapo unaanza kuliwa. Mchuzi wa nyanya ukiiva na kupakuliwa hauna shida. Ila ukwaju na ndimu ni vikali zaidi: mchuzi wake ukilala humo hadi asubuhi unakuwa na ladha ya chuma, na ndani ya sufuria unaona mstari kabisa. Chini ya mstari, pale mchuzi ulipofikia, pamekwajuka na ukipitisha kidole panakwaruza. Juu yake bado panang'aa. Samaki wa ukwaju na achari mimi napikia kwenye stili.

Magadi yanaharibu kwa upande wa pili. Makande au kisamvu cha magadi kinaiacha sufuria na weusi, na jivu la kuoshea likikaa na maji linafanya vilevile, kwa sababu nalo ni alkali. Weusi huo unatoka ukichemsha maji yenye ndimu, maana asidi inauyeyusha. Lakini usifanye kila wiki, kwani kila mara sufuria nayo inapungua kidogo.

Wenzangu mnaotengeneza sabuni nyumbani, hapa nawasihi sana: kostiki soda isiguse alumini hata kidogo. Inatoa povu na joto kali bila jiko, inafukuza hidrojeni, gesi inayolipuka ikikutana na moto, na sufuria inaweza kutoboka. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mbao, mahali penye hewa, na kostiki ndiyo itiwe kwenye maji kidogo kidogo, si maji juu ya kostiki.